Sanduku la kufuli tatu: nyota tano dhidi ya wezi, tatu dhidi ya mashemeji

Tuanze na bei ya sanduku hili la kufuli tatu, ambalo vikundi vya hisa, yaani watu wanaoweka akiba pamoja na kukopeshana, hutunzia pesa zao, maana ndilo swali ninaloulizwa kwanza. Sanduku tupu la bati nene, lililochomelewa na fundi wa Tanga mjini, tulilipa shilingi elfu tisini. Kufuli tulinunua wenyewe dukani. Juu yake ongeza bakuli za plastiki, muhuri, pedi ya wino, kikokotoo, rula na vitabu vya wanachama. Zipo pia seti zilizokwisha kufungashwa kwa ajili ya vikundi vya hisa. Bei yake imezidi kidogo na zinakuokoa na mizunguko ya sokoni, ila bati lake huwa jepesi. Moja nimelibonyeza kwa kidole gumba likaingia ndani. La fundi halibonyei.

Mimi ni mtunza sanduku wa kikundi cha hisa hapa Muheza, kikundi mchanganyiko, wanaume na wanawake. Kabla ya hapo nilizunguka vijijini nikifundisha vikundi vipya kuendesha mikutano, kwa hiyo masanduku nimeyaona: ya mbao, ya bati la kuezekea lililokunjwakunjwa, hata begi la safari lenye zipu na kufuli moja, ufunguo kwa mwenyekiti. Hilo la mwisho nisiseme mengi. Ninachotaka kueleza ni sanduku la kufuli tatu kama bidhaa: linafanya nini, linashindwa wapi, na hasa linavyowatendea kina mama. Mwanamke na mwanamume hawakai mbele ya sanduku hili kwa namna moja, na watafiti wamelipima jambo hilo kwa pesa taslimu, wengine jirani tu hapo Kenya.

Kwanza utaratibu, kwa asiyeujua. Kifuniko kina komeo tatu, kila komeo na kufuli yake. Funguo wanashika wanachama watatu wa kawaida, si viongozi. Mimi ninayelala na sanduku uvunguni sina hata ufunguo mmoja. Siku ya mkutano nalibeba, naliweka katikati, nakaa zangu. Bi Mwenyekiti anawaita wenye funguo mmoja mmoja, na kabla pesa haijaguswa anauliza: “Mkutano uliopita tulifunga na shilingi ngapi?” Watu wanajibu kwa pamoja, kwa sababu kiasi kile kilikaririwa siku ile kabla hatujatawanyika. Wahesabu fedha wawili wanamimina kwenye bakuli na kuhesabu kwa sauti. Ikilingana tunaendelea. Isipolingana, hakuna anayenyanyuka.

Kisha kila mwanachama anaitwa kwa namba yake, anakuja mbele na kununua hisa, kuanzia moja hadi tano. Hisa yetu ni shilingi elfu mbili. Katibu anagonga muhuri mmoja kwa kila hisa. Muhuri badala ya tarakimu una maana yake: bibi asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake mwenyewe, hamtegemei mjukuu. Mkutano ukiisha vitabu vyote vinarudi sandukuni, vinafungiwa pamoja na pesa. Mwisho wa mzunguko tunavunja, kila mtu anapata chake na faida ya mikopo kulingana na mihuri.

Mtindo huu haukuanzia kwetu. Ulianzia Niger mwaka 1991, upande wa Maradi, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake wa vijijini kujikusanya na kukopeshana pesa zao wenyewe bila kutiwa mtaji kutoka nje. Vilikuwa vikundi vya wanawake watupu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini sanduku linafanya kazi vizuri zaidi kwenye baadhi ya vikundi kuliko vingine.

Dhidi ya wizi nalipatia sanduku nyota tano, bila hata kufikiri. Nguvu yake haiko kwenye bati. Mwizi mwenye tindo atalifungua bati lolote. Iko kwenye kule kuhesabu kwa sauti. Mweka hazina wa vikundi vya zamani alikuwa anarudi na daftari, anasoma, watu wanaitikia “sawa, sawa” huku nusu yao hawajui kilichosomwa. Hapa mama muuza dagaa aliyeishia darasa la nne anaweza kusimama na kusema: “Hapana, mkutano uliopita ilikuwa laki tatu na elfu kumi na nne, leo naona laki tatu na elfu kumi.” Nimemsikia akisema hivyo. Noti mbili za elfu mbili zilikuwa zimeganda chini ya bakuli la faini.

Sasa mashemeji.

Tuna mwanachama nitamwita Mama Zawadi, anauza machungwa stendi. Yumo kwenye kikundi chetu na yumo kwenye kikundi kingine cha wanawake watupu, mtaa wa juu. Kule ananunua hisa tano bila kusita. Kwetu alikuwa ananunua mbili. Mama yuleyule, mtaji uleule, wiki ileile. Nilipomuuliza hakuzunguka: “Kule najua nani atalipa mkopo. Huku nasubiri kwanza nione.”

Jibu lake ndilo walilolipata Fiona Greig na Iris Bohnet kwenye utafiti wao wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2009. Walicheza na wakazi wa mtaa wa mabanda mchezo ambao wanauchumi wanaupenda: kila mtu anapewa pesa, anaamua kwa siri aweke kiasi gani kwenye chungu cha wote, chungu kinaongezwa na kugawanywa sawa hata kwa asiyeweka kitu. Wanawake waliowekwa na wanaume walichanga kidogo kuliko wanawake waliokuwa wenyewe kwa wenyewe. Haikuwa ubahili. Walipoulizwa wanatarajia wenzao wataweka ngapi, kwenye kundi mchanganyiko matarajio yao yalishuka, na mkono ukafuata matarajio.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Ukikusanya majaribio mengi ya aina hii, hadithi inabadilika. Daniel Balliet na wenzake walijumlisha mwaka 2011 matokeo 272 ya miaka 50 wakakuta kwa jumla hakuna tofauti ya maana kati ya wanawake na wanaume katika kushirikiana. Ila wanaume wakiwa peke yao hushirikiana zaidi kuliko wanawake wakiwa peke yao, na kwenye mchanganyiko wanawake ndio wanaowazidi wanaume. Yaani karibu kinyume cha Nairobi. Sehemu kubwa ya majaribio hayo yalifanyika Marekani, na mengi kwenye vyumba vya chuo ambako wanaokutana hawafahamiani. Mama Zawadi anawajua wanaume wa kikundi chetu mmoja mmoja, na nani ana deni kwa muuza pombe. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema “wanawake kwa asili wana umoja” au “wanawake kwa asili hawaelewani,” mwambie akae chini. Inategemea wamekaa na nani, na wanajua nini juu yake.

Hapo sanduku linasaidia kwa kiasi. Tulipoanza kusoma mikopo yote kwa sauti kila mkutano, jina, kiasi na tarehe ya kurejesha, Mama Zawadi alipanda hadi hisa tatu, mara nyingine nne. Tano hajafika. Na sasa naelewa kuwa hatafika, kwa sababu ambayo sanduku haliwezi kuitibu. Kwenye kikundi chetu yumo kaka wa mumewe.

Kumbuka utaratibu: unaitwa kwa namba, unakuja mbele, pesa inahesabiwa hadharani, muhuri unagongwa watu wakiangalia. Uwazi uleule unaomzuia mwizi unamwonyesha shemeji kwamba wiki hii machungwa yamelipa. Jioni mtoto wa shemeji anatumwa: “Shikamoo mama mdogo, baba anasema umsaidie elfu kumi ya mbolea.” Atasema hana? Amemwona.

Pamela Jakiela na Owen Ozier walilipima hili vijijini magharibi mwa Kenya. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2016. Mtu alipewa kwa siri shilingi 80 au 180 za Kenya, akaamua aweke ngapi kwenye biashara ya kubahatisha: sarafu inarushwa, ikikubali pesa aliyowekeza inarudi mara tano, ikikataa imekwenda. Baadhi walijua matokeo yatatangazwa mbele ya washiriki wenzao, wengine yao yalibaki siri. Wanawake waliopewa 180, wakijua kutatangazwa na ndugu zao wapo pale, walijibana wasivuke 80, ili wote wadhani walipewa kile kidogo. Walikubali kupoteza faida ili tu wasijulikane wana pesa. Na baadhi ya waliopewa nafasi ya kulipia ili wasitangazwe, walilipa. Wanaume hawakuonyesha mwenendo huo wa kujibana.

Nilipolisoma hilo nilimwona Mama Zawadi na mihuri yake miwili. Ndiyo maana dhidi ya mashemeji nalipatia sanduku nyota tatu, na tatu zenyewe ni kwa sababu ya jambo moja dogo ambalo wengi hawalioni: vitabu vinalala sandukuni. Hakuna kitabu cha kusahaulika kwenye kabati kikaja kufunguliwa na mtu. Mume ambaye si mwanachama hajui jumla. Kikundi kinachowaruhusu watu kwenda na vitabu nyumbani “ili kila mtu awe na uhakika” kinatupa nusu ya bidhaa.

Na kinga hiyo si ndogo. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland walichunguza vyama vya mzunguko, ambamo watu huchanga na kupokezana pesa kwa zamu, huko Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, wakachapisha mwaka 2002. Wanachama wengi walikuwa wanawake, na wanaoishi na waume ndio waliokuwa na hamu zaidi ya kujiunga. Maelezo yao: mke anapeleka pesa kwenye chama ili isikae nyumbani ikaliwa na matumizi ambayo hakuyataka. Mwanamke asiye na kipato hana cha kuficha, na mwenye kipato kikubwa kuliko mume ana sauti nyumbani, kwa hiyo hamu ilikuwa juu zaidi kwa wale wa katikati. Wasomaji wangu wa katikati mnajijua.

Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kuvunja kikundi ndiyo siku mbaya kuliko zote kwa usiri. Watu wameanza kungoja nje tangu asubuhi, wengine hatujui hata wamepataje habari. Kina mama wa kwetu wamebuni njia: wanaagiza mgawo wao kama vitu, mabati, godoro, mfuko wa sukari wa kilo hamsini, kikundi kinanunua na kinawakabidhi. Godoro halikopeki kirahisi. Bati likishapanda juu ya nyumba halishuki kwa ajili ya shemeji.

Upande wa uongozi, bakuli za sanduku zina kazi ya pili ambayo ningeomba isiachwe. Uchaguzi wa viongozi ukifanywa kwa kuuliza “nani anagombea?”, utajaza viti kwa wanaume watatu na mama mmoja wa nidhamu. Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha mwaka 2009 jaribio walilofanya hapa Tanzania kwa Wamaasai, na India kwa Wakhasi. Mtu anarusha mpira wa tenisi mara 10 kwenye ndoo iliyo mita 3 mbele yake. Achague: alipwe kwa kila mpira unaoingia, au ashindane na mtu asiyemwona, akimpita alipwe mara tatu, akipitwa asipate kitu. Kwa Wamaasai nusu ya wanaume walichagua kushindana, wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi, ambao ukoo na urithi wao hufuata upande wa mama, wanawake walikuwa asilimia 54 na wanaume 39. Hakuna damu ya kugombea wala damu ya kukaa nyuma. Kuna watu waliozoeshwa. Kwenye kikundi, dawa ni kutomtaka mtu ajitokeze. Wenzake wanamtaja, kila mtu anatumbukiza kokoto kwenye bakuli lililofunikwa, tunahesabu. Kwa njia hiyo tulipata Bi Mwenyekiti ambaye asingenyanyua mkono hata kwa fimbo, na hatujawahi kupata mkali kama yeye.

Kuhusu nani ashike funguo, kuna wanaosema wape wanawake zote tatu, kwa kuwa wanaume watakula njama. Sikubaliani. Sisi tuna wawili wanawake, mmoja mwanaume, na sharti ambalo ni kubwa kuliko jinsia: wasitoke nyumba moja wala ukoo mmoja, na ufunguo hautumwi. Mzee wetu mmoja alishawahi kumtuma mkewe na ufunguo kwa sababu yeye yuko shambani. Bi Mwenyekiti akampokea vizuri, “Karibu mama, kaa,” akampa maji, na mkutano ukaahirishwa hadi mzee alipofika mwenyewe jioni na kulipa faini. Mkewe alicheka kuliko wote.

Yapo pia masanduku madogo ya mtu mmoja, yenye tundu la kutumbukizia juu na kufuli moja. Nimeulizwa kama yanafaa. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliyajaribu magharibi mwa Kenya kwa wanachama wa vyama vya mzunguko, wakachapisha mwaka 2013. Waliopewa kisanduku na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa waweke akiba ya afya, waliongeza kwa kiasi kikubwa matumizi ya vitu vya kinga. Wengine walipewa kisanduku kilekile lakini ufunguo ukakaa kwa ofisa wa mradi. Ungedhani hao ndio wangeweka zaidi. Wapi. Watu hawakutaka kufungia pesa mahali wasipoweza kuifikia mtoto akiugua usiku. Na kuitenga pesa kwa kazi moja kuliwasaidia hasa wale wanaoombwa sana na ndugu: pesa ikishakuwa na jina, ni rahisi kusema “hiyo ni ya dawa.” Kwa elfu kumi na tano, kwa mama anayeombwa kila siku, nunua. Ila usitarajie kitamzuia mume anayejua kilipo.

Akaunti ya kikundi kwenye simu nimeitumia pia. Ni salama, haina kutu, na katibu anafurahi. Lakini mkutano unakuwa wa dakika kumi, watu wanatazama ujumbe, wanaondoka, na wasio na simu zao wenyewe, ambao kwetu ni kina mama wazee, wanarudi kutegemea mjukuu. Kwa usiri dhidi ya shemeji simu inashinda sanduku. Kwa kila mtu kujua kilichomo, inashindwa. Vikundi vya vijana watupu nawashauri simu.

Sasa kasoro za bidhaa yenyewe. Kutu, kwanza. Hewa ya Tanga haina huruma na bati lililopakwa rangi mkono mmoja. Kona za chini zilianza kuwa nyekundu mwaka wa kwanza. Pedi ya wino inakauka msimu wa joto, na muhuri hafifu ni ugomvi: “Huu ni mmoja au ni kivuli cha ule wa nyuma?” Nunueni wino wa akiba. Kufuli za bei rahisi zinafanana mno. Tuligundua ufunguo wa kwanza unafungua na kufuli ya tatu, tukazirudisha zote dukani siku hiyohiyo. Jaribuni kila ufunguo kwenye kila kufuli kabla ya kulipa, muuzaji akinuna mwacheni anune. Na uzito. Sanduku lenye sarafu na vitabu vya watu ishirini na sita si la kubebwa na mama mmoja mwenye mgongo, kwa hiyo masikio mawili ya kushikia pembeni, si moja juu.

Mkimwendea fundi, mwambieni hivi: urefu sentimeta 45, upana 30, kina 25, ili bakuli zikae na vitabu visipinde. Bawaba ziwe kwa ndani, maana zikiwa nje mtu anaziondoa kwa bisibisi na kufuli zote tatu zinabaki zimefungwa vizuri kabisa. Rangi ya kuzuia kutu kwanza, kisha rangi ya mafuta mikono miwili, na chini aweke vipande vya mbao lisigusane na sakafu. Nusu ya pesa mpeni kwanza, nusu baada ya kulipima. Mwanaume na mwanamke waende pamoja kwa fundi. Sisi tulipokwenda wanawake watupu bei ilianzia laki moja na nusu.